Nusu Daraja

Jumamosi ya pili ya mwezi, nyuma ya duka la dawa, Komárno,
tulikuwa watu kumi na mmoja wenye glavu nyeupe za pamba,
kama wabeba jeneza la mtu mdogo sana.
Mezani, juu ya kitambaa cheusi, sarafu mbili.
Moja imepigwa na kiwanda cha kaskazini ya mto,
moja na kiwanda cha kusini.
Viwanda viwili, hotuba mbili, tarishi mmoja,
na daraja lililokatwa katikati:
nusu tao huku, nusu tao kule.
Zisogezeni ukingo kwa ukingo, tuliambiwa,
na Danubi itavukika.

Lőrinc Baráth akazisogeza.
Hazikukutana.

Akabana lenzi jichoni, akatoa kipimo chake cha chuma.
"Nusu milimita," akasema, kwa sauti ya daktari.
"Ya kusini iko juu."
"Ya kaskazini iko chini," akajibu Zdenka,
na ugomvi ukaanzia hapo,
maana kwetu hayo si maneno yaleyale.

Mimi ni mwenye mizani. Sina sauti, nina uzito.
Nikapima: gramu ishirini. Gramu ishirini na robo.
Fedha tupu zote mbili,
fedha isiyonunua mkate.

"Ni kosa," akasema Zdenka, "na kosa lina bei yake. Nunueni sasa."
"Ni makusudi! Mchoraji alijua daraja hili linavyoyumba."
"Mchoraji? Yule hajavuka hapa hata kufuata siagi."
Ödön wa posta alikuwa na uchungu wake mwingine:
nusu moja kwa yuro, nusu nyingine kwa forinti,
foleni mbili, risiti mbili, masanduku mawili ya mahameli,
"na hakuna, jamani, hakuna popote
sanduku lenye mashimo mawili!"
Tukacheka mpaka mfamasia akagonga ukuta.

Ctibor hakucheka.
Ctibor, ambaye kwa miaka ishirini hutukemea
ukipumua tu karibu na sarafu inayong'aa kama kioo,
alikuwa akivua glavu,
kidole kimoja,
kimoja.

Mwaka wa arobaini na saba serikali mbili zilibadilishana watu,
kichwa kwa kichwa,
kama tunavyobadilishana sisi tulizo nazo mbilimbili.
Mama yake alikuja kaskazini na cherehani.
Shangazi yangu alikwenda kusini na saa ya ukutani.
Huenda treni zao zilipishana. Hatujaulizana.
Sisi huulizana mwaka, ukingo, idadi iliyotolewa.

Akaweka dole gumba, tupu, lenye jasho,
pale palipokosa kukutana.
"Tulisimamishwa hapa," akasema.
"Upande ule walituhesabu: arobaini na mmoja.
Upande huu wakatuhesabu: arobaini.
Nilikuwa na miaka sita. Nilihesabu pia, kwa vidole.
Mpaka leo sijui alikuwa nani."

Taa ya mrija ilikuwa ikinguruma juu yetu.
Lőrinc akafunga kipimo chake, akakifungua, akakifunga.
Ctibor alipoinua mkono, alama ilibaki,
mistari midogo iliyojikunja
kutoka fedha hii hadi fedha ile, bila kuruka.

"Theluthi ya bei imekwenda," Zdenka akanong'ona, akaona haya.
Kitambaa cha kufutia kilikuwepo. Hakuna aliyekigusa.
Nikapima tena, sijui kwa nini.
Mizani yangu haisomi jasho.

Nilizinunua mimi, zile zenye kidole.
Ödön anasema nililipa ghali, na Ödön hakosei kwenye bei.
Nimezitia kwenye kopo la vifungo, ndugu wakusanyaji mnisamehe,
bila mahameli, bila plastiki.
Nikivuta droo kutafuta uzi
zinagongana.